Nilivyomtafuta Warfa Mtandaoni

Wabera, Isiolo

Kwa ndugu yangu Abdiwali,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na biashara yako huko Nairobi. Sisi hatujambo, ila mvua imetukwepa tena na mbuzi sokoni wamekonda. Habon anakusalimu sana. Ningekupigia, lakini simu mtu anaweza kukata.

Unakumbuka ulivyonionya juu ya Warfa, dereva wa lori, mchumba wa mdogo wetu Habon. Uliniambia kwamba mtu asiyepatikana mtandaoni ana jambo analoficha. Na kweli, tangu mwezi wa Shaaban Warfa aliacha kuja kwetu, na salamu zake zikawa za kubabaisha. Habon alikosa hata hamu ya kula. Mimi unanijua, hata muuza maziwa simwamini mpaka nionje. Nikachukua simu nikaanza kumtafuta huyo bwana.

Mwanzoni niliandika majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nikaletewa mwalimu wa Wajir, mchezaji mpira na marehemu mmoja. Nikaongeza neno ndoa, nikapata matangazo ya kukodisha mahema. Kila jibu ambalo halikuwa yeye lilinizidishia shaka.

Kisha nikajicheka. Nani hapa kwetu humjua Msomali kwa jina la kitambulisho? Hata baba, mji mzima ulimwita Dheere kwa ajili ya urefu wake. Nikamuuliza jirani yangu Fosia, ambaye mumewe hupakia mifugo kwenye malori, Warfa huitwa nani na madereva wenzake. Akasema ni Gurey, kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto. Nikaandika Gurey, nikaongeza lori, kisha Isiolo na Moyale. Akatokea papo hapo kwenye kundi la wenye malori, amesimama kando ya gari lake.

Sikupata mke wa siri wala kesi. Nilipata swali aliloliuliza mwezi huo wa Shaaban, kwamba nani anaifahamu familia ya marehemu Dheere wa Chechelesi, mtaa tuliokulia. Wengi walitusifu. Mmoja tu, asiye na picha, anayejiita Mpenda Haki, alimjibu kwamba Habon ana kifafa na sisi tunamficha. Ili aaminike, akaongeza kwamba anaijua nyumba yetu kwa ndani, hata binti huyo nyumbani huitwa Sonkorey.

Abdiwali, jina hilo mama alimpa Habon kwa ajili ya kulamba sukari, na halikuwahi kutoka nje ya mlango wetu. Habon mwenyewe alilikataa alipoanza shule. Mama na baba wako kaburini. Tumebaki mimi na wewe, na mimi sikuandika. Sasa naelewa kwa nini ulimpigia debe yule rafiki yako uliyetuletea siku ya Idi ukitaka amwoe. Nimeumia, tena nimekasirika.

Nimeshazungumza na Warfa, nikamhakikishia kwamba habari ya kifafa ni uongo. Anakuja na wazee wake Ijumaa baada ya swala. Kwa kuwa baba hayupo, walii wa Habon, yaani msimamizi wake wa ndoa, ni wewe, naye Habon anawaambia wenzake kwa fahari kwamba kaka yake ndiye atakayemwoza. Hajui lolote. Njoo umwoze. Usipokuja, nitampa Habon simu yangu aandike Gurey, aongeze lile jina alilopewa na mama, asome mwenyewe.

Wasalimie wote wanaoniulizia huko. Mlango uko wazi na chai iko jikoni.

Ni mimi dada yako,
Sirad