Mizizi ya Nywele za Mama Pili

Kinondoni, Jumanne

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Huku mvua na joto vinapishana, lakini leo mie nimelala mchana usingizi wa raha. Si ulinisikia kwenye simu nalia? Ukungu uliingia na kuharibu visahani vya maabara ninavyojifunzia kuotesha seli shina za nywele, zile zinazozaa seli nyingine, na kosa lilikuwa langu, sikubadilisha glavu. Nywele zenyewe alizitoa kwa hiari Mama Pili, muuza ndizi wa Tandale aliyeungua kichwani utotoni. Ikabidi nimwombe tena. Nilitegemea matusi. Yeye akavua mtandio, akainama: "Ng'oa, mwanangu. Ila safari hii uwe makini."

Nikang'oa nywele chache pamoja na mizizi yake, nikazisafisha, nikazilaza kwenye maji ya lishe ndani ya kabati lenye joto kama la mwili. Siku sita sikuona kitu. Jana asubuhi nikachungulia kwenye hadubini, kumbe seli zimechomoza kutoka kwenye mizizi na kutapakaa kwenye kitako cha kisahani! Nikampigia Mama Pili, akaja moja kwa moja kutoka sokoni. Akainamia hadubini, akatazama.

"Hizi ni zangu?"

"Zako, mama."

"Kumbe bado naota nywele!"

Nikamweleza wazi kwamba huu ni utafiti tu, kovu lake halitafunikwa leo wala kesho.

"Najua. Niache nifurahi."

Tukacheka wote mpaka machozi.

Nibusie watoto, na mwambie mama sasa chakula kinapita. Nimewakumbuka mno.

Mdogo wako,
Saumu