Meza Isiyopita Mlangoni

Vyumba vyetu vipya,
Nyuma ya karakana ya magari,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na zamu za hospitali, bado wanakusimamisha kutwa nzima? Shemeji kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala na ananung'unika, kwa hiyo ujue hana neno. Wifi yako anashukuru sana kwa ile sweta, ingawa kuivaa kwenyewe ni kwa zamu na huyu mwanangu, mwanao.

Ulipokata simu wiki iliyopita sikukasirika. Ulisema tumeuza nyumba ya marehemu Mama bila hata kukuuliza, na ni kweli hatukukuuliza. Ningekuwa wewe ningesema makali zaidi. Lakini unanijua kwenye simu, maneno hunikwama kooni, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Ulipoondoka, ada ya jengo ya kila mwezi ilikuwa kitu cha kulalamikia tu. Baadaye kamati ya wamiliki ikaleta mchango wa lifti mpya, kisha wa rangi ya nje, kisha wa geti la umeme. Wenye uwezo wananyoosha mikono mkutanoni, sisi wengine tunalipa. Fleti yenyewe Baba alimaliza kuilipia zamani, unakumbuka Mama alivyoimba jikoni siku ile. Hatukujua kwamba nyumba uliyokwisha kuinunua inaweza kuendelea kukudai. Ulichotuma kilifika chote na kilifanya kazi yake, usijilaumu hata kidogo. Mimi nikaongeza kazi ya jioni, kuosha trei kwenye kiwanda cha mikate nikitoka dukani. Hata hivyo maji yalitufika shingoni.

Kamati ikabandika ndani ya lifti karatasi yenye namba za fleti zinazodaiwa, na yetu imo. Tangu siku hiyo Baba akaanza kupanda ngazi. Ghorofa kumi na moja, Dada, kwa magoti yale! Alituambia eti daktari amemshauri mazoezi. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyeninong'oneza kwamba Mzee akifika katikati hukaa kitako kwenye ngazi, na mtu akipita hujifanya anafunga kamba za viatu. Nawe unajua Baba hana kiatu cha kamba. Nilicheka mbele ya mlinzi, halafu chakula changu nikakirudisha sufuriani.

Nikapiga moyo konde nikamwambia tuuze. Akaigonga meza kwa kidole.

"Sawa. Meza ikitoka, na mimi natoka."

Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Meza ile unaijua. Aliiunda mlemle sebuleni mwaka tuliohamia, mbao zikipandishwa mojamoja, wewe ukimbebea kopo la gundi na mimi nikikufuata kila hatua mpaka ukaniita Mkia. Fundi mzima, anayejulikana, akaunganisha meza ya watu kumi kwa gundi, bila skrubu hata moja. Kumaliza tu, ikaonekana haipiti mlangoni, haiingii kwenye lifti, na kwenye kona ya ngazi haigeuki. Maseremala wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mama akamtetea: meza itoke iende wapi, na sisi tumeshafika?

Nimeifikiria sana habari hiyo. Baba hajawahi kukosea kipimo maishani mwake. Naona alichoka kufunga virago, baada ya vyumba vyote vile vya kupanga tulivyotolewa, vingine vyombo vikiwa bado jikoni. Alitaka tupate mahali ambapo hatutaambiwa tena tuondoke.

Dalali akaleta mnunuzi. Yeye hatakaa pale, anataka kupangisha wageni wa siku mbili tatu. Alitazama dirishani, akapiga picha, akauliza meza ile itavunjwa lini. Baba akaingia jikoni, akafungua bomba, akayaacha maji yamwagike mpaka wageni walipoaga. Nilijua hatutauza, na nilijua hatuwezi kukaa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuwa na hata nguvu za kumkasirikia.

Kisha ikaja Jumapili moja, tukiwa mezani. Wananisimulia kwamba nilisinzia na kijiko mkononi, mchuzi ukamwagika, na mwanangu akacheka akidhani nafanya mzaha. Nilipozinduka shavu langu lilikuwa juu ya mbao. Baba alikuwa amesimama karibu yangu na kitambaa, anaupangusa mchuzi polepole kuzunguka kichwa changu ili asiniamshe.

Asubuhi yake niliamshwa na mlio wa msumeno.

Nilimkuta amevaa aproni yake ya zamani. Alikuwa ameshapiga mstari wa penseli katikati ya meza. Siku hizi mikono inamtetemeka, lakini mstari ulikuwa umenyooka. Akaniambia, "Shika huko. Usivute, shika tu." Nikashika upande wako, ule wa dirishani. Tukakata, naye akipumzika kila mara. Alipofika karibu na ile nyota uliyoichonga kwa uma ukachapwa, akasimama. Mstari ulikuwa unapita juu yake. Akalia, Dada, bila kujificha, akifuta macho kwa kiwiko. Halafu akaupinda mstari, akaizunguka nyota, akaendelea. Baba yetu, aliyekuwa akikutupia mbali ubao wako ukiukata mshazari!

Siku ya kuhama tulishuka naye kwa lifti. Deni letu lilikuwa limelipwa kutokana na mauzo, lakini karatasi ile ilikuwa bado ipo. Aliisoma yote mpaka tukafika chini. Mlinzi alimshika mkono kwa mikono miwili, akashindwa kumwachia.

Sasa tuko chini kabisa, vyumba viwili. Kelele za nyundo zinaanza mapema, na ukifungua dirisha unakutana na ukuta. Kodi tunaimudu, na trei za mikate nimeziacha. Baba ameshaanza kuwasahihisha mafundi wa magari kazi asiyoijua. Usiku bado hunyanyuka akatafuta swichi ya taa pale ilipokuwa kule. Sitakuficha, kuna siku hakai vizuri na mimi, na kuna siku sikai vizuri na nafsi yangu.

Nusu moja ya meza ameifanya kitanda cha mwanao. Nusu yenye nyota ameitia miguu mipya na bawaba, inakunjwa. Nilimuuliza imekuwaje, yeye aliyekuwa akisema bawaba ni za watu wavivu. Akajibu bila kuinua uso, "Hii itapita mlango wowote." Nilitoka nje nikakaa juu ya tairi bovu nikalia mpaka fundi mmoja akaniletea maji.

Nisalimie shemeji na wanangu wote wawili, yule mrefu na yule mwenye maneno. Shangazi wa huko akikupigia, mwambie salamu zake Baba amezipata na amefurahi, asije akasema hatukumfikishia. Mungu akutunze kazini na njiani, na atukutanishe tukiwa na nguvu zetu.

Nilikuwa nifunge barua hapa, lakini Baba amepita na kuuliza namwandikia nani. Upande wenye nyota huwa umekunjwa, Dada. Mwanao aliufungua juzi aweke madaftari, akafokewa, kwamba hapo ni mahali pa mtu. Sasa Baba anasema nikuulize unakuja lini, maana bawaba zikikaa bila kufunguliwa zitashika kutu.

Nikupendaye daima, mdogo wako,
Mkia.