Baba Karoli Manirambona, Tabibu Aliyemwomba Radhi Binti Yake

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukulaze katika udongo wa Ulyankulu, na bado Mama Prisila akipakua ugali wa muhogo hujikuta amepakua na wako. Hucheka kwanza, kisha huurudisha chunguni.

Ulikuwa mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Kanisani uliimba besi kwa nguvu zako zote. Erasmus, mwalimu wa kwaya, alikuomba mara nyingi uipunguze, ukamjibu kwamba Mungu mwenyewe hajalalamika. Zahanati walikuita Dakta, nawe ukiwasahihisha: "Mimi ni tabibu tu." Wagonjwa wako wa kifafa uliwajua kwa majina, na mbuzi wao pia.

Leo tunakumbuka zaidi jambo moja, kwa sababu Uwimana mwenyewe ameomba liandikwe.

Binti yako huyu alianza kuanguka akiwa na miaka sita, baada ya malaria kali. Ulimtafutia dawa, ukamsimamia, mpaka ikapita miaka miwili hajaanguka hata mara moja. Kisha, akiwa kidato cha tatu, masika yakamletea pumu. Ukampa vidonge vya aminofilini, kama ulivyowapa wengine miaka yote. Kifua kikafunguka. Wiki ya pili akaanguka bombani. Akaanguka shuleni, mara mbili kwa siku moja. Mara ya nne ilikuwa jikoni, na mkono wake wa kushoto ukaungua.

Bibi, mama yako, akasema apelekwe kwa mganga wa kienyeji kule Usinge. Wewe ulimshika Uwimana bega mbele yetu sote.

"Sema kweli. Dawa zako za kifafa unazitupa?"

"Sizitupi, Baba."

"Basi mbona unaanguka?"

Akalia. Hukumwamini, na sisi hatukumtetea.

Kesho yake ulipanda basi kwenda Tabora mjini, kwa rafiki yako wa siku nyingi, Mama Kherunisa Gulamali, mfamasia. Ulikwenda kutafuta dawa ya kifafa iliyo kali zaidi. Yeye ndiye aliyetusimulia. Alikuuliza, "Mbali na za kifafa, mtoto anameza nini?" Ukamtajia aminofilini. Akaweka kalamu chini.

"Karoli, ndugu yangu, nadhani hiyo ndiyo inayomwangusha."

Uliporudi ulituketisha mkekani, ukatueleza kwa maneno tunayoyaelewa. Ubongo, ulisema, una kitu chake kiitwacho adenosini. Kifafa kinapoanza, seli za ubongo hupiga kelele zote kwa pamoja. Hapo adenosini huongezeka, ikakaa kwenye seli hizo, mahali pake maalumu, ikazituliza mpaka kifafa kikome.

"Sasa aminofilini hufika ikakalia nafasi ile ile," ulisema. "Adenosini ikija, haina pa kukaa. Kahawa kali nayo ni ya ukoo huo huo."

Kisha ukapiga magoti. Hatukuwahi kuona, Baba, si kwetu wala kwa jirani, mzazi akimpigia mtoto magoti.

"Uwimana, hukutupa dawa. Ni mimi niliyekupa kidonge kilichokuangusha, halafu nikakuona mwongo. Nisamehe, mwanangu."

Uwimana, mkono ukiwa bado na bandeji, alikushika bega.

"Inuka, Baba. Nimekusamehe. Ila siku nyingine niamini."

"Nitakuamini."

Ulimbadilishia dawa ya pumu, ukampa ya kuvuta kwa mdomo. Za kifafa akaendelea nazo, na mwezi haukuisha kabla kifafa hakijatulia. Jumatatu uliwakusanya wenzako zahanati, ukawaambia kosa lako lote. Muuguzi Ngollo anasema shati lako lilikuwa limelowa jasho, na mmoja alipojaribu kukutetea ulimkatiza: "Usinifichie. Tukilificha kosa hili, litamfika mtoto wa mwenzako." Tangu siku hiyo hakuna mwenye kifafa aliyepewa dawa ya pumu pale bila kuulizwa kwanza.

Presha ilikuchukua ghafla. Hukutuaga, wala hukuona maziko yako, basi tukusimulie. Padri akiwa katikati ya sala, Shomari muuza nyama, mgonjwa wako, alianguka kando ya kaburi. Zamani watu wangekimbia, wakiogopa mate yake yatawaambukiza. Siku ile hakuna aliyerudi nyuma. Bibi, yule yule wa mganga, alivua khanga yake akaikunja chini ya kichwa cha Shomari. Mwingine akamgeuza ubavu. Padri alisitisha sala, na umati wote ukangoja mpaka pumzi ya Shomari iliporudi. Alipopata nguvu akaomba koleo, akatupia udongo wake. Ndipo tukamaliza kukuzika.

Wanaokukumbuka ni mkeo Prisila. Mama yako mzazi, Bibi Anastazia. Wanao Uwimana na Selestini. Wenzako wa zahanati. Mama Kherunisa na familia yake, Tabora mjini. Pamoja na wagonjwa wako wote.

Pumzika, Baba. Maadamu tuko hai, hutatutoka moyoni.