Kikombe Nilichopewa

Al Thumama, Alhamisi

Na mimi nikashukuru! Hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka wa pili huu vikombe vya shaba vya waajiri wangu, vya kutoka kwao India, navisugua mimi kwa ukwaju hadi vinameta, na kahawa yangu nainywa kwenye kopo la plastiki. Leo kopo limepasuka, Madam akanimiminia kwenye shaba. Wao huimimina kahawa mdomoni kutoka juu, kikombe hakigusi midomo. Siku zote nilidhani ni mbwembwe tu. Nikafyonza ukingoni, kama tunywavyo Mombasa.

Mama mkwe wake akanitazama, akasema neno kwa lugha yao. Madam akatabasamu. "Chukua, Rehema. Kiwe chako."

Nikamwombea Mungu amzidishie. Nikampigia dada yangu, ambaye naye anawafanyia kazi Wahindi huko Al Rayyan, nikamsimulia na kumringia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mjinga wewe! Umekitia mdomo, kwao kishakuwa najisi. Ndiyo maana hawakitaki tena."

Haya. Jioni nimevisugua vyote vilivyobaki. Kabla ya kuwamiminia, nikavilamba ukingoni, kimoja kimoja.

Mama mkwe kanywa viwili. Kasema leo kahawa imekolea.