Watu Mia Tano wa Oberlauten

Oberlauten, 4 Juni 1972

Mwanangu Roswitha,

Hujambo? Anke naye? Mimi nipo, goti tu linanisumbua nikipanda ngazi za kanisa kupiga kengele. Jirani yetu bibi Kreszenz anakusalimu. Ana miaka tisini na moja na anasema hafi mpaka avune vitunguu vyake.

Umesikia kwamba mwakani wilaya yetu inavunjwa. Kijiji chenye watu mia tano kitabaki na ofisi yake. Kilichopungukiwa kinamezwa na mji wa Rietingen, jina na kila kitu. Watahesabu tarehe 30 Juni, kwa daftari langu la wakaazi hapa ofisini. Na jana imenifikia kadi yako ya kuhama, wewe na mtoto. Nimehesabu mara tatu. Bila nyinyi tuko mia nne tisini na nane.

Unajua mimi si mtu wa kuomba. Leo naomba. Rudini.

Babako

Stuttgart, 11 Juni

Shikamoo baba,

Sisi wazima, ila Anke anakohoa. Pole na goti.

Baba, kadi hiyo itie kwenye droo mpaka Julai. Nani atajua? Chekechea ya hapa ni ya watoto wa wakaazi wa mji tu, na nafasi hii nimeingoja miaka miwili. Nikijiandikisha huko, siku hiyohiyo anapewa mwingine. Nitashona kiwandani na mtoto mgongoni? Droo tu, baba. Nakusihi.

Bintiyo

Oberlauten, 15 Juni

Mwanangu,

Natumai kikohozi kimepungua. Mpe asali.

Daftari hili lilianzishwa na babu yangu. Hata mwizi wa kuku yumo kwa jina lake, lakini uongo haumo. Nikiuingiza mimi, nitakuwa nimeokoa kitu gani? Siwezi. Wala usingizi siupati.

Babako

Stuttgart, 22 Juni

Baba,

Shikamoo. Nafasi nimeirudisha. Karani aliniuliza kama nina akili timamu. Nimelia kwenye tramu njia nzima.

Tunakuja Jumamosi na masanduku. Usiniambie asante, nina hasira nawe. Andika tu: wawili.

Bintiyo

Oberlauten, 9 Julai

Mwanangu Roswitha,

Hamjambo huko kwa rafiki yako? Mliondoka bila kuniaga, na sikulaumu.

Bado nakuona mlangoni mwa kanisa siku ile ya tarehe 29, umening'ang'ania mkono: "Mpaka Jumamosi tu, baba! Bibi mwenyewe angekubali!" Na kijiji kizima nyuma yako, hata padri ameinamisha kichwa. Lakini kwetu mtu akifa kengele hulia kabla saa haijaisha, watu waache kazi wamwombee. Ningemwachaje Kreszenz amelala pale siku mbili, tukijifanya anapumua?

Nilivuta kamba. Tukawa mia nne tisini na tisa.

Sasa hakuna anayenisalimu. Kibao cha jina la kijiji kitang'olewa Januari. Nafasi ya Anke nimeipoteza mimi, bure, na sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Nimeshindwa, mwanangu. Nakaa ofisini na daftari na sina la kufanya.

Vitunguu vya bibi nimevivuna, nakuletea mfuko ukiniruhusu.

Yeye nimemwandika kwa wino: Kreszenz Haug, amefariki 29 Juni, saa kumi jioni, mtu wa Oberlauten. Mimi nitazikwa kando yake, hatua tatu tu, na wataandika Rietingen.

Babako