Samaki wa Ndani ya Sashe

Jumamosi, 4 Oktoba
Bidon mbili za maji juani tangu jana, bila kifuniko. Harufu ya dawa ya kipindupindu bado iko kidogo. Pale ziwani mama wa klorini anatia dawa kwa sindano ndani ya kila bidon, hakuna kukataa. Inaokoa watu. Samaki wadogo inawaua. Bwana yangu, Papa Gloire, alinikanya mara tatu mbele ya kuondoka: siku mbili juani dawa itoke, Mama Gloire, siku mbili!

Nimefua. Mutoto wetu Gloire amekaa mwenyewe bila kuegemea. Baba yake hajaona.

Sashe, kale kamufuko ka plastiki, iko juu ya kabati. Udongo mukavu kama tumbako, na mayai ya samaki ndani, madogo kuliko mbegu za mboga ya lengalenga. Juu Papa Gloire ameandika kwa kalamu ya biki: 5 Oktoba, maji. Alisema tutamwaga wote wawili.

Jumapili, 5 Oktoba
Hajafika. Yuko Vitshumbi, kijiji cha wavuvi. Alienda kununua samaki wa kuuza, barabara ikafungwa nyuma yake. Mwezi wa nne sasa.

Nilirudi misa nikakaa mbele ya sashe. Nimungoje? Alisema mayai yakipitisha siku yanakufa. Nikamwaga. Udongo ndani ya beseni, maji baridi juu yake. Nilimukasirikia. Halafu nikamutamani, palepale.

Tunaishi na mama yake. Alinicheka: "Kwetu Butembo samaki anaingia mu sufuria kwa kuliwa. Wewe unamuingiza kwa kulelewa!"

Jumatatu, 6 Oktoba
WAMETOKA! Kama vipande vya uzi wenye macho. Kumi na tisa, ao ishirini na moja, hawatulii. Wazazi wao walitaga mu udongo, wakafa. Hawa hawakuwaona hata siku moja.

Nimewahamisha na kijiko mpaka akwarium, lile sanduku la kioo la Papa Gloire. Udongo nimeukamua, nimeuanika juu ya gazeti chini ya kitanda. Alisema usitupwe. Sijui sababu. Nilimunyanyua Gloire aone. Akapiga kioo.

Jumanne, 14 Oktoba
Jani la shu, kabichi, linaoza ndani ya chupa ya maji dirishani. Maji yake yana vidudu visivyoonekana, ndiyo chakula chao. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Kinanuka vibaya sana.

Amepiga simu! Alipanda kilima kutafuta rezo ya simu. Nikasema wamezaliwa. Nikafikiri rezo imekatika. Kumbe analia.

Dakika zote tuliongea samaki. Nilisahau kumuambia Gloire anakaa. Najichukia.

Jumapili, 19 Oktoba
Wamenenepa. Sasa wanakula viluwiluwi vya mbu. Jirani anatangaza kartie nzima, mutaa wote: "Mama Gloire anafuga mbu!" Acheke.

Ijumaa, 24 Oktoba
Gloire homa. Kituo cha afya tangu asubuhi, foleni mpaka saa nane. Ni meno tu, Mungu asifiwe.

Nilirudi nikakuta akwarium imejaa mpaka juu. Maji safi, yanameta. Samaki wanaelea, matumbo juu.

Mama mukwe aliona maji yamepungua. Akaongeza ya bidon ya leo, imetoka ziwani moja kwa moja, na dawa yake. "Maji ya dawa ndiyo tunapatia watoto," alisema. "Nikaona hawa nao ni watoto."

Alilia kuliko mimi. Sikumutukana. Nilitaka.

Nilikamata wale waliokuwa bado wanapumua, nikawatia ndani ya maji ya juzi. Wamebakia wawili.

Jumapili, 26 Oktoba
Mama mukwe hali kitu. Nimemupelekea sombe, majani ya muhogo, nikakaa naye. Nikamuambia kosa ni langu, sikukueleza ile ya siku mbili.

Ni kweli. Sikumueleza kwa makusudi. Nilitaka hao samaki wawe wangu na wa Papa Gloire tu.

Akala kidogo.

Jumatano, 29 Oktoba
Simu. Nilianza na Gloire: anakaa, jino moja limetokea. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu nikamuambia samaki wamekufa, wamebakia wawili.

Akauliza: "Udongo uko wapi?"
"Chini ya kitanda."
"Basi usilie. Mayai hayafunguki yote kwa maji ya kwanza. Mengine yanangoja maji ya pili. Rudisha mu sashe, miezi tatu."

Nikauliza barabara. Akasema: bado.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua kidogo asubuhi.

Mama mukwe ndiye anaweka bidon juani sasa. Ananusa, halafu ananiita na mimi ninuse. Ndiye aliona wa kwanza: samaki mumoja ana wekundu kwenye mukia. Dume. Alisema anafanana na mutoto wake, anajivuna bure. Tulicheka sana.

Udongo umekauka vizuri. Nimeurudisha ndani ya sashe ileile. Chini ya mwandiko wa Papa Gloire nimeandika wangu: 9 Februari, maji. Gloire atakuwa anasimama.

Sikuandika nani atamwaga. Nimeiweka juu ya kabati.