Ufunguo wa Kabati la Swichi

Jumatatu, 3 Machi

Mapokezi wamekatika mtandao tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Nikaenda kuomba ufunguo wa kabati la swichi kwa Bwana Mwegoha, katibu wa hospitali yetu. Anakunywa chai. Nikasubiri. Akamaliza, akafuta mdomo, akasema ana kikao.

Mimi ndiye fundi wa mtandao hapa Kilosa. Fundi pekee. Na ufunguo wa kabati lenye mtandao wangu uko kwenye pete yake, pamoja na wa stoo na wa gari. Eti usalama. Usalama dhidi ya nani, mimi?

Mapokezi wamerudi wenyewe saa nane. Sijui kwa nini. Ninachukia kutojua kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Kabati limefunguliwa. Dakika kumi, naye amesimama mgongoni mwangu anatazama saa.

Swichi ni nzima. Matundu ishirini na manne, kila kompyuta ya hospitali na waya wake. Kazi yake ni kukumbuka nani yuko tundu gani, ujumbe wa maabara ufike duka la dawa bila kwenda kugonga kila mlango. Inafanya kazi hiyo vizuri kuliko masjala yetu. Lakini haijawahi kusetiwa tangu mkandarasi aifunge. Nywila ni ileile ya kiwandani, imebandikwa chini ya boksi, yeyote anaisoma. Saa yake haijui hata mwaka. Kinga ya mzunguko imezimwa. Na kuna waya mmoja mfupi, ncha moja iko tundu la 7, nyingine inaning'inia tu.

Nikamweleza. Ncha ile ikichomekwa kwenye swichi hiyohiyo, ujumbe utazunguka ndani bila kutoka mpaka hospitali nzima ikatike. Nikaomba niutoe, niwashe kinga, nibadili nywila. Robo saa tu.

"Mtandao unafanya kazi, binti. Unataka kugusa nini tena?"

Akafunga. Nimeandika ombi rasmi, Rehema wa masjala amelipiga muhuri wa kupokelewa. Angalau muhuri.

Nilipaswa kuuvuta tu ule waya. Mkono wangu ulikuwa pale pale.

Alhamisi, 6 Machi

Wafadhili wanakuja kesho. Watu wanapiga deki hadi kuta. Na mimi, ninayejua mtandao watakaoonyeshwa, nimeambiwa niende Mikumi kufunga swichi mpya ya kituo chetu cha huko. Kesho hiyohiyo. Nikasema iwe Jumatatu. Katibu akasema wageni wataulizia Mikumi.

Nimeshafika Mikumi. Nalala kwa shangazi. Mwisho wa mwezi miezi yangu sita ya matazamio inaisha, kwa hiyo naenda ninakotumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzuri kwa saa moja tu.

Nilisaini daftari la kituo saa moja na nusu. Swichi mpya, mikononi mwangu, hakuna mtu mgongoni. Nikaipa jina. Nikabadili nywila, nikaseti saa. Kompyuta zenye taarifa za wagonjwa upande wake, simu za wageni upande wake, zisionane. Nikawasha kinga ya mzunguko. Nikahifadhi kila kitu, maana usipohifadhi, umeme ukikatika unaanza upya. Nilijisikia mtu.

Saa mbili na nusu Rehema akapiga. Kilosa yote imekufa. Mapokezi, maabara, dawa. Anachungulia kwenye kioo cha kabati, taa zote zinapepesa kwa pamoja kama zimepagawa.

Nikajua papo hapo. Nikamwambia fungueni, vueni ncha moja ya ule waya mfupi. Ufunguo? Uko kwa Katibu. Katibu? Ameondoka na wageni sasa hivi kwenda vijijini, hapokei simu.

Mpaka usiku huu Kilosa bado imekatika. Rehema anasema kuna mama kutoka Tindiga amekaa na mtoto mwenye homa tangu asubuhi kwa sababu cheti chake hakifunguki kwenye kompyuta. Mwisho daktari akamtibu kwa karatasi. Waya wa urefu wa mkono wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi na gari la kwanza. Katibu akanifungulia bila kuniangalia. Ncha moja tundu la 7. Ncha ya pili tundu la 19. Imechomekwa vizuri, imekunjwa duara safi. Nikaivuta. Hospitali ikarudi kabla sijasimama wima.

Nikamwambia, "Waya huu mtu ameuchomeka." Akasema, "Mtandao ni wako."

Jumatatu, 10 Machi

Barua ya kunitaka nijieleze. Nimeipokea saa tatu, imegongwa muhuri, nakala kwenye faili langu. "Uzembe uliosababisha huduma kusimama mbele ya wageni." Siku tatu nijibu, kwa nini nisichukuliwe hatua.

Uzembe. Niliandika ombi. Nilitumwa kilomita zote zile. Ufunguo sina. Damu imenichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwambia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya kanisani, huku barua ikiwa mezani kwake.

Kesho nitamwamkia tena. Lazima. Ndicho kinachoniudhi zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Nimesoma kumbukumbu za swichi nilizonakili Jumamosi. Huandika kila tundu linapowaka na kuzimika. Kwa kuwa saa yake ni ya uongo, nimehesabu kurudi nyuma kutoka pale nilipouvuta waya Jumamosi. Tundu la 19 liliwaka Ijumaa, saa mbili na dakika kumi na saba.

Nikamuuliza Rehema saa hiyo nani alikuwa kwenye kabati. Akaangalia mlango kwanza. Katibu aliwafungulia wageni waone mtambo. Aliona waya unaning'inia. Mbele ya wageni. Akasema, "Hawa vijana hawana usafi," akauchomeka mwenyewe kwenye tundu lililo wazi.

Kwa hiyo najieleza kwa mtu aliyefanya. Sijawahi kudharauliwa hivi.

Rehema ananishauri niandike nimekosa, naomba radhi. "Mzee akishaombwa radhi anasahau. Utathibitishwa, yataisha." Hataki mabaya. Lakini faili halisahau. Kila nitakakoomba kazi, neno uzembe litanitangulia.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na matusi. Nimeichana.

Jumatano, 12 Machi

Nimejibu. Nusu ukurasa. Ombi langu la tarehe 4, nakala imeambatishwa. Daftari la Mikumi, saa moja na nusu. Tundu la 19, saa mbili na dakika kumi na saba. Ufunguo wa kabati ni mmoja na hauko kwangu. Jina la mtu sikuandika.

Akasoma mbele yangu. Akavua miwani, akaivaa, akasoma tena. "Nenda kazini." Nikaenda.

Ijumaa, 14 Machi

Leo akaniita kwenye kabati, akafungua, akasema nionyeshe hiyo kinga.

Nikaseti zote. Nywila, saa, kinga. Nikahifadhi. Nikachukua waya uleule, nikauchomeka 7 na 19. Taa ya 19 ikageuka rangi ya chungwa, ikazimika. Tundu limejifunga lenyewe. Mapokezi wakaendelea kuandikisha, hata hawakujua.

Akaomba ajaribu yeye. Akachomeka, akachomoa. Akachomeka tena tundu la 20. Nalo likajifunga. Akaukunja waya duara safi, akanipa.

Akafunga kabati, akaondoka na pete yake ya funguo. Nimerudi nyumbani na hasira zangu zote.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimemwamkia Katibu kwenye korido. Ameitika, akaenda.

Ufunguo wa kabati umetundikwa kwenye msumari karibu na meza yangu.

Saa nne Rehema akaja na faili langu, akalifungua, akaniwekea kidole. Barua yangu ya kujieleza. Pembeni, kwa mwandiko wa Katibu: "Waya niliuchomeka mimi. Athibitishwe kazini." Sahihi na tarehe ya Ijumaa.

Nimesoma mara mbili. Kisha nikaenda kufungua kabati, nikafuta vumbi.